Mti Ulivuka Bahari, Kinu Kikabaki

Mnamo 1828 kasisi wa Kifaransa, Alexis Bachelot, alipanda mbegu kwenye kiwanja cha misheni ya Kikatoliki mjini Honolulu, visiwani Hawaii. Mbegu hiyo ilitoka katika bustani ya mfalme mjini Paris, lakini nasaba yake ilikuwa pwani kavu ya Amerika ya Kusini. Bachelot hakuufaidi mti wake. Watawala wa visiwa, waliokuwa wameshika Uprotestanti, walimfukuza mwaka 1831. Alirudi 1837, akakataliwa tena, akafia baharini mwaka huohuo. Mti ukabaki, ukazaa, na watu wa huko wakaupa jina la kiawe.

Aliyeueneza hakuwa kasisi wala bwana shamba. Alikuwa ng'ombe. Nahodha Mwingereza George Vancouver alimpelekea mfalme Kamehameha ng'ombe mwaka 1793, na uzao wao ulikuwa ukizurura ovyo visiwani. Chini ya kiawe walikuta maganda ya manjano, marefu kama kiganja, matamu. Wakatafuna nyama ya ganda na kumeza mbegu nzima nzima, na mbegu zikatoka upande wa pili pamoja na kinyesi, kila moja ikiwa na samadi yake ya kuanzia maisha. Miongo michache baadaye, sehemu kavu za visiwa zilikuwa msitu.

Mti huo ni wa jamii ya mikunde, ukoo mmoja na kunde na maharagwe, wa jenasi iitwayo Prosopis. Kenya nzima inamjua ndugu yake kwa jina la mathenge, na mara nyingi jina hilo hutamkwa kwa hasira. Nimeanzia Hawaii kwa sababu huko ndiko walikofanya jambo ambalo wafugaji wa Baringo, Kenya, hawakulipata hadi maji yalipokuwa yamezidi unga. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye ranchi na watafiti wa kilimo wa Hawaii walitambua kuwa mnyama anayeokota ganda mwenyewe anatupa sehemu iliyo bora. Sukari imo kwenye nyama ya ganda, lakini protini nyingi imo ndani ya mbegu, na mbegu imefungiwa kwenye kikasha kigumu ambacho meno ya ng'ombe hayakivunji. Wakatengeneza mashine za kusagia. Maganda yakaokotwa, yakatiwa magunia, yakakaushwa, yakasagwa pamoja na mbegu zake, na unga wake ukalishwa mifugo. Mwanajiografia Mmarekani J. Russell Smith aliyaeleza hayo katika kitabu chake Tree Crops cha mwaka 1929. Kwa hiyo haikuwa siri ya mtu yeyote.

Faida za kusaga ni mbili, na ya pili ndiyo iliyosahaulika. Unga unampa mnyama protini ya mbegu. Lakini pia mbegu iliyosagwa haioti tena.

Wakati huo ndugu mwingine wa ukoo huo alikuwa akisafiri kwa njia yake. Kaskazini mwa Peru, katika jimbo la Piura, watu wameishi na algarrobo tangu zamani: mbuzi na punda hula maganda yake, na watu huyachemsha wakapata shira nzito nyeusi. Mwaka 1942 mbegu za Piura zilipandwa Serra Talhada, katika jimbo la Pernambuco, kaskazini-mashariki mwa Brazil, nchi ambayo ukame wake umewahi kuwahamisha watu kwa maelfu. Mti ukakubali. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakaanza kutumia unga wa maganda badala ya sehemu ya pumba na mahindi, na kwa miaka mingi algaroba ikasifiwa kuwa mkombozi wa nyika ile.

Sifa zina upande wake wa kivuli. Madaktari wa mifugo wa Brazil walianza kukutana na ng'ombe wenye maradhi ambayo wafugaji waliyaita uso uliopinda. Taya linalegea na kuning'inia upande, misuli ya kutafunia inakonda, mate yanatiririka, chakula kinadondoka mdomoni, na mnyama anakufa njaa huku malisho yapo mbele yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba maganda hayo yana alkaloidi zinazoharibu chembe za neva zinazoendesha taya, na kwamba balaa humpata mnyama aliyelishwa maganda kama sehemu kubwa ya chakula chake kwa miezi mfululizo. Kwa kiasi, ni chakula. Yakiwa ndiyo chakula chenyewe, ni sumu ya polepole.

Njia hizo mbili zilikutana Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe hadi kuacha mashimo meupe, makavu, ya kuumiza macho wakati wa jua, na mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kutafuta miti itakayoota humo. Mvinje ndio uliomfaa kuliko yote, na leo anayetembea pale hukuta msitu na viboko. Lakini miongoni mwa miti iliyojaribiwa ilikuwamo Prosopis, mwaka 1973, kwa mbegu zilizotoka Brazil na Hawaii. Ndiyo mara ya kwanza mti huu kuandikwa rasmi kuwa umeingia Kenya. Haki itendeke hapa: watafiti waliopima vinasaba baadaye walikuta kwamba miti ya Bamburi ni ya spishi ya pallida, ileile ya Hawaii, na ya Baringo ni juliflora, iliyo kali zaidi kwa kuenea. Wanaoilaumu Bamburi kwa yaliyotokea bara wanamshtaki ndugu asiye na hatia.

Mathenge wa bara ulikuja na hofu ya jangwa. Ukame wa Saheli wa miaka ya 1970 ulikuwa umeitikisa dunia, na mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake mkubwa kuhusu kuenea kwa jangwa mjini Nairobi. Mashirika ya misaada yakaanza kutafuta mti mmoja wa kufanya kila kitu: ukue upesi, ustahimili chumvi na kiu, uzuie mmomonyoko, utoe kuni, ulishe mifugo. Prosopis ulijibu ndiyo kwa kila swali. Kuhusu kiu hauna mpinzani. Huko Arizona mzizi wa ndugu yake mmoja ulikutwa ndani ya mgodi, mita 53 chini ya ardhi. Ukapandwa kwenye miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola kando ya Mto Tana, ukapandwa Turkana, na kuanzia 1982 ukapandwa kandokando ya Ziwa Baringo chini ya Mradi wa Kuni na Malisho.

Nchi ile haikuwa tupu wala wenyeji wake hawakuwa wajinga wa ardhi yao. Wailchamus wa kusini mwa ziwa walikuwa wakichimba mifereji kutoka mito ya Perkerra na Molo katika karne ya 19, wakalima nafaka ya kutosha kuwauzia misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka pwani kutafuta pembe. Kwa msafiri aliyekata nyika kwa wiki kadhaa, Njemps, nchi ya Wailchamus, ilikuwa mahali pa kujaza magunia upya. Baadaye ng'ombe na mbuzi walichukua nafasi kubwa zaidi katika maisha yao, na kufikia miaka ya 1980 tambarare ilikuwa imeliwa hadi udongo, mvua ikinyesha inabeba tope jekundu hadi ziwani. Wataalamu waliokuja kupanda miti hawakubuni tatizo ambalo halikuwapo.

Hebu tuangalie hesabu waliyokuwa nayo mkononi, maana ni hesabu nzuri. Nyasi za kiangazi katika nyika hubaki na protini chini ya asilimia 5. Mbuzi na ng'ombe hawamengenyi nyasi wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu waliomo katika tumbo kuu, na vijidudu hao wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 7 au 8 ili wafanye kazi. Wakipungukiwa, nyasi hukaa tumboni bila kumeng'enywa, na mnyama anakonda hata tumbo likiwa limejaa. Mikunde huziba pengo hilo. Bakteria wa mizizini mwake huivuna naitrojeni ya hewani, na mizizi mirefu huuweka mti katika kijani wakati nyasi zimekwisha kukata tamaa. Maganda ya Prosopis yana protini kati ya asilimia 9 na 17, na sukari inayoweza kufika asilimia 30, na huiva na kudondoka wakati mfugaji amebakiwa na vumbi. Mtu anayesoma jedwali hilo akiwa ofisini ana kila sababu ya kufurahi.

Jedwali halikuonyesha mdomo. Halikusema kwamba majani ya mathenge mnyama huyasusa, kwa ukali wa tanini na alkaloidi zake. Kwa mpanda miti hiyo ilikuwa neema: mche usioliwa na mbuzi hauhitaji boma wala mlinzi, na yeyote aliyewahi kupanda mti katika nchi ya wafugaji anajua gharama ya boma. Sijaacha kushangaa kwamba mti ulioitwa wa malisho ulipendwa kwa sababu mbuzi hawauli. Kilichobaki kuwa chakula ni ganda tu, na ganda ndilo lenye mbegu.

Kaskazini zaidi, Waturkana walikuwa na mfano wa namna maganda ya mti wa nyika yanavyotunzwa. Kando ya mto Turkwel kila familia ilikuwa na ekwar yake, kipande cha msitu wa mtoni chenye migunga, na maganda ya mgunga yalikuwa mali ya familia hiyo. Wageni waliomba ruhusa. Wachungaji walitumia miti mirefu yenye ndoano kutikisa matawi, maganda yakanyesha, mbuzi wakala kwa zamu na mengine yakawekwa akiba kwa siku za njaa. Protini ya maganda ya mgunga haiko mbali na ya mathenge. Tofauti ni kwamba mgunga ulikuwa na mwenyewe, msimu na adabu ya kuuendea. Mathenge ulipandwa kama mti wa kila mtu.

Kwa miaka kadhaa mambo yalienda vizuri, na wazee wa Baringo hawajakataa hilo. Kivuli kilipatikana, kuni zikawa karibu na nyumba, nguzo na fito za kujengea zikawa bure, vumbi likatulia. Kisha zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mito ilivunja kingo zake, maji yakatandaa tambarare nzima, yakibeba maganda na samadi, yakaziacha mbegu katika udongo mlaini kila mahali palipokuwa na unyevu: mashambani, njiani, kwenye mabwawa ya malisho, kando ya ziwa. Tambarare ilipokauka, vichaka vya miiba vilikuwa vimeota pasipo na mpandaji. Picha za setilaiti zilizochambuliwa na watafiti zinaonyesha hekta 882 za mathenge katika eneo la Baringo mwaka 1988, na hekta 18,792 mwaka 2016.

Mathenge unaokatwa kwa panga hautii. Huchipua mashina mengi kutoka kwenye kisiki na kuwa ukuta. Miiba yake inapenya soli ya kandambili na tairi la baiskeli, na ikimchoma mtu mguuni jeraha huvimba na kukawia kupona. Nyasi zilizokuwa kando ya ziwa zikafunikwa. Njia za kwenda majini zikafungwa. Kundi likiingia kichakani, mchungaji analisikia kwa kengele tu.

Halafu meno. Mbuzi hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Ana ufizi mgumu, na hukata majani kwa kuyabana kati ya ufizi huo na meno manane ya chini. Akipoteza manane hayo, hana cha kukatia. Wafugaji wa kijiji cha Ng'ambo, Baringo, na vijiji vya jirani waliona mbuzi waliokula maganda msimu baada ya msimu wakipata ufizi uliooza, meno yakilegea na kung'oka, mashavu yakivimba kwa matonge ya mbegu na sukari yaliyonata pembeni mwa magego. Wengine taya lilipinda, dalili ambayo daktari wa mifugo wa Pernambuco angeitambua mara moja. Mbuzi wa namna hiyo hata sokoni havutii bei. Mnunuzi humfungua mdomo kwanza.

Mwaka 2006 wenyeji wa Baringo waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Nairobi, wakidai kwamba mti ulioletwa kwao kwa jina la maendeleo umewaharibia maisha. Kwa ushahidi, walimleta mbuzi asiye na meno. Magazeti yalicheka kidogo, kama magazeti yanavyofanya mnyama anapofika mahakamani, lakini hapakuwa na mzaha wowote katika ushahidi ule. Wakili anaweza kubishana kuhusu nani alimshauri nani mwaka 1982. Ufizi mtupu haubishani. Wataalamu walikuwa wametumia jedwali la maabara kuwaeleza wafugaji thamani ya mti. Wafugaji walijibu kwa kumwonyesha mnyama aliyelishwa jedwali hilo.

Mwaka 2008 serikali ilitangaza mathenge kuwa gugu hatari chini ya sheria ya kuzuia magugu. Kwa sheria hiyo mwenye ardhi anaweza kuamriwa kuling'oa. Kwa mti wenye mizizi ya namna ile na eneo la namna ile, amri hiyo ni sawa na kumwamuru mtu alichote Ziwa Baringo kwa kata.

Kwa hiyo wimbo ukabadilika: kama haung'oki, utumike. Makaa ya mathenge ni mazito na huwaka kwa muda mrefu, na vikundi vya wachomaji viliruhusiwa kuyauza, ingawa kila mara serikali ilipopiga marufuku makaa nchini wachomaji wa Marigat, Baringo, hawakujua wamo au hawamo. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ikaanza kuwafundisha wananchi kukusanya maganda, kuyakausha na kuyasaga. Yaani kinu cha Hawaii hatimaye kilifika, kikiwa kimechelewa karibu karne nzima.

Je, kilifanya kazi? Kwa tumbo la mbuzi, ndiyo, na majaribio ya Kenya yanasema hivyo bila kuzungukazunguka. Mbuzi wachanga wa aina ya Galla walioachishwa kunyonya waligawanywa makundi na kulishwa nyasi kavu kwa siku 70, baadhi wakiongezewa unga wa maganda ya mathenge. Waliopewa gramu 200 kwa siku waliongezeka karibu kilo 4 kila mmoja. Waliokosa kabisa hawakuongezeka chochote cha maana. Na waliopewa gramu 400, mara mbili ya hao wa kwanza, waliongezeka pungufu kuliko wao. Hapo yamo yote ambayo Brazil iliyajua kwa njia ya uchungu: unga ni kitoweo cha nyasi, hauwezi kuwa ugali wenyewe. Mbegu imesagika, sukari haigandi kwenye magego kama tonge, protini iliyofungiwa imefunguliwa, na kila gunia lililopita mashineni ni maelfu ya miche ambayo haitaota popote.

Kusaga kwenyewe si kazi ya kitoto. Ganda bichi la mathenge lina utomvu wa sukari. Likiingia kwenye mashine ya posho likiwa na unyevu kidogo tu, linakuwa gundi, chujio linaziba, na mwenye mashine anamfukuza mteja kwa sababu kesho yake kuna mahindi ya watu. Lazima lianikwe juani hadi livunjike kwa kelele likikunjwa. Wadudu nao hulitoboa ghalani likikaa. Vikundi vilivyofanikiwa ni vile vilivyopata mashine yao wenyewe na mnunuzi wa uhakika. Wenzao wa Afar, Ethiopia, ambako Prosopis ulitanda vilevile, walipita njia hiyohiyo ya vyama vya kusaga maganda na kukutana na vikwazo vilevile.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kimo katika ufugaji wenyewe. Hawaii na Pernambuco unga ulitiwa horini na mnyama akaletwa kwenye hori. Mbuzi wa Baringo haletewi chakula, anakifuata. Asubuhi anatoka bomani, na hatua chache tu kutoka mlangoni maganda yamekwisha kudondoka usiku, matamu, bure, hayamhitaji mama wa kuokota wala dizeli ya kusagia. Kufikia saa tatu mama anapotoka na gunia, mbuzi wamekwisha kupita. Mfugaji anajua vizuri kwamba maganda yale mazima yatamgharimu meno ya kundi na kumwongezea miiba shambani, lakini kumzuia mbuzi asile katika mwezi ambao hakuna kingine cha kula ni jambo ambalo hakuna mradi uliowahi kumwonyesha namna ya kulifanya. Wale Waturkana wenye ekwar walikuwa na jibu lake kwa mgunga: familia iliamua nani aingie, lini, na akiwa na wanyama wangapi. Katika vichaka vya mathenge vya Ng'ambo hakuna familia yenye neno la mwisho, maana mti uliopandwa na mradi, ukaenezwa na mafuriko, ukatangazwa gugu na serikali, hauna mtu wa kuombwa ruhusa.